Jani linapokea maji au linayakataa? Pima pembe ya mgusano kwa simu na sindano

Maswali ninayoulizwa ni yaleyale. Mbona dawa ya kunyunyizia inateleza kwenye kabichi lakini kwenye maharage inashika? Mbona jani moja limepimwa mara mbili, kwanza likatoa pembe ya nyuzi 140, kisha 95? Bila mashine ya maabara inawezekana kweli? Inawezekana. Simu, sindano ya insulini na taa vinatosha kukupa namba unayoweza kuitetea, kwa sharti moja: uso wa jani ufike mbele ya kamera ukiwa haujaguswa na kitu chochote. Vipimo vingi vibovu ninavyoonyeshwa viliharibika kabla simu haijawashwa, pale jani lilipochumwa.

Nadharia ya kuanzia tu

Uso wa jani umefunikwa na utando wa kutini, poliesta inayotengenezwa na mmea wenyewe. Ndani ya utando huo na juu yake kuna nta, yaani minyororo mirefu ya kaboni isiyopatana na maji. Tone likitua juu yake, ukingo wa tone na uso wa jani hufanya pembe, nayo hupimwa kwa upande wa ndani ya maji. Hiyo ndiyo pembe ya mgusano, ambayo mwanasayansi Mwingereza Thomas Young aliieleza mwaka 1805. Ikiwa chini ya nyuzi 90, jani linalowana. Ikizidi 90, linakataa maji. Ikizidi 150 na tone likabiringika kwa mwinamo mdogo tu, jani linakataa maji kupita kiasi.

Nta yenye uso laini kabisa, usio na vinundu, hulipa tone la maji pembe ya nyuzi 110 hivi, na haivuki sana hapo. Ukipata 140 au 160, ujue nta haikufanya kazi peke yake. Kuna umbo: vijiti, mirija na vibapa vya nta visivyoonekana bila hadubini yenye nguvu, mara nyingi vimekaa juu ya vijinundu vya seli za jani. Tone linakalia ncha zake, na hewa inabaki imenaswa chini. Hali hiyo ilielezwa na wanasayansi Cassie na Baxter mwaka 1944. Mwenzao Wenzel alikuwa ameeleza mwaka 1936 hali ya pili, ambapo maji yanaingia mpaka kwenye mabonde ya uso. Yungiyungi la Asia (*Nelumbo nucifera*), ambalo wanabotania Barthlott na Neinhuis waliliandikia mwaka 1997, hufikia nyuzi 160 hivi kwa njia hiyo ya hewa. Jani la gimbi nalo limo humohumo. Litumbukize kwenye bakuli la maji, ulitazame kwa pembeni: linang'aa rangi ya fedha. Ile fedha ni tabaka la hewa ambalo maji hayajaweza kuliondoa.

Unachohitaji

- Sindano ya insulini mpya, ya mililita 0.3 au 0.5, yenye ncha nyembamba (namba 30 au 31). Kwenye sindano iliyoandikwa U-100, yuniti moja ni mikrolita 10, hivyo nusu yuniti ni mikrolita 5.
- Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji. Ukinunua yale ya betri, soma chupa vizuri: yawe maji matupu ya kuongezea, si asidi ya betri.
- Simu yenye kamera inayopiga vitu vya karibu, au lenzi ndogo ya kubana kwenye simu.
- Kitu cha kushikilia simu isitikisike. Mkono hautoshi.
- Taa, na karatasi nyeupe nyembamba ya kutawanya mwanga.
- Vipande vya kioo bapa, au vigae vidogo laini.
- Tepu yenye gundi pande mbili, wembe mpya na kibano.
- Pimamaji, au programu ya simu inayosoma mwinamo.
- Mshumaa wa parafini usio na rangi wala manukato, wa kuhakikishia kifaa chako.
- Kompyuta yenye ImageJ, programu ya bure ya kupimia picha. Ukikosa, chapisha picha na utumie protrakta. Inachosha, lakini inafaa.

Sindano ina ncha kali. Ifunike kila unapoiweka chini, na ukimaliza uitupe kwenye chombo kigumu.

Hatua kwa hatua

1. Suuza sindano. Sindano za insulini hupakwa silikoni ili ziteleze. Silikoni hiyo ikiingia kwenye tone hupunguza mvutano wa uso wa maji (nguvu inayoukaza uso wa maji kama ngozi), na pembe inashuka bila kosa la jani. Vuta maji na uyamwage mara kadhaa, kisha tupa matone machache ya mwanzo kila unapojaza upya. Usifute ncha kwa kidole.

2. Hakikisha kifaa kwa parafini. Yeyusha parafini kidogo, imwage juu ya kioo, iache ipoe bila kuigusa. Weka tone, piga picha, pima kwa hatua zitakazofuata. Unatakiwa kupata karibu nyuzi 105 hadi 110. Ukipata 85, tatizo liko kwenye maji, sindano au upimaji wako, na hakuna haja ya kugusa jani lolote kwanza. Wengi wanairuka hatua hii. Usiiruke, kwa sababu bila hiyo huwezi kujua kama namba ngeni imetoka kwenye mmea au kwenye meza yako.

3. Chuma jani kwa kikonyo. Shika kikonyo au ukingo wa mwisho kabisa, kata, na ulibebe likiwa linaning'inia. Usilipangushe, usilikunje, usilitie kwenye mfuko wa plastiki likasuguana na mengine. Kama ni mbali, liweke kwenye chombo kigumu chenye karatasi yenye unyevu chini, kikonyo kikiwa kimegusa unyevu na uso ukiwa wazi. Kuona kwa nini nasisitiza hivi, tafuta jani la kabichi lenye ule weupe wa kibuluu na ulibonyeze kwa dole gumba mara moja. Pale palipoguswa patabaki alama ya kijani iliyokolea, mpaka na mistari ya kidole. Weupe uliotoweka ndio vijiti vya nta, na sasa vimelala. Tone ukiliweka nje ya alama litadunda; ukiliweka ndani yake litang'ang'ania.

   Kama jani lina umande, liache likauke lenyewe hewani. Kama lina vumbi, lipulize kwa mpira wa kupulizia. Usilipulizie kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na matone ya mate.

4. Andika habari za jani kabla ya kulikata. Mmea gani, jani la ngapi kutoka chini, upande wa juu au wa chini, limekomaa kiasi gani. Upande wa juu na wa chini wa jani lilelile unaweza kutofautiana sana kwa sababu nta, vinyweleo na stomata (vitundu vya kupitishia hewa) havijagawanywa sawa. Umri nao una neno. Kwenye mahindi, majani matano hivi ya kwanza yana vijiti vya nta na maji hudunda juu yake. Yanayokuja baadaye yanang'aa, hayana vijiti hivyo, na yanalowana kwa urahisi zaidi. Mtu akisema "pembe ya mahindi ni kadhaa" bila kutaja jani la ngapi, hajasema kitu.

5. Kata ukanda mwembamba. Kwa wembe mpya, kata ukanda wa upana wa milimita 5 hadi 10 kati ya mishipa mikubwa. Shika pembeni kwa kibano, mahali ambapo hutaweka tone. Weka tepu kwenye kioo, lalisha ukanda juu yake, kisha bonyeza ncha mbili tu za mwisho. Katikati usiguse. Ukanda mpana ni kosa la kawaida mno: unajikunja, na ukingo wake wa mbele unainuka na kuificha sehemu ya chini ya tone, ambayo ndiyo unayoitaka.

6. Panga kamera na mwanga. Taa ikae nyuma ya jani, karatasi nyeupe katikati ya taa na jani, simu mbele. Tone liwe jeusi kwenye uwanja mweupe, lenye ukingo mkali. Hakikisha kioo kimelala sawa kwa pimamaji. Kamera iwe usawa wa uso wa jani, au iangalie chini kwa nyuzi moja au mbili tu. Funga umakini wa kamera kwenye tone, tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise simu, na tone likae katikati ya picha. Lenzi za karibu hupinda vitu vilivyo pembeni. Usikuze picha kwa vidole, isogeze simu.

7. Weka tone la mikrolita 5 hivi. Kwa jani linalolowana, ning'iniza tone kwenye ncha, lishushe mpaka liguse jani, kisha inua sindano taratibu. Kwa jani linalokataa maji, tone litabaki limeng'ang'ania sindano hata ukiligusisha mara kumi. Hapo endelea kusukuma polepole: kwa ncha nyembamba namna hii tone huanguka lenyewe likifika karibu mikrolita 5, mradi maji hayajapanda kwenye upande wa nje wa ncha. Liachie kutoka milimita mbili au tatu, siyo zaidi. Tone lililodondoshwa kutoka juu hugonga na kusukumwa ndani ya mabonde ya nta, nawe utasoma pembe ya hali nyingine.

   Usitumie kitone cha dawa ya macho. Tone lake ni kubwa mara nyingi zaidi, uzito wake hulibapaza, na pembe unayopata inakuwa ya uzito kama ilivyo ya jani.

8. Piga picha kwa muda uleule kila mara. Chagua sekunde 10 baada ya tone kutua, na ushike hapohapo kwa matone yote. Kwenye majani yanayolowana tone huendelea kutambaa. Kwenye mengine linakauka huku ukingo umekwama, na pembe inashuka yenyewe.

9. Tafuta mstari wa chini. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukiangalia kwa mwinamo kidogo, utaona tone na kivuli chake kilichogeuzwa juu ya jani. Mahali viwili hivyo vinapokutana pana kona kali kushoto na kulia. Chora mstari kupitia kona hizo mbili. Mstari ukipanda pikseli chache tu, pembe kubwa hupungua kwa nyuzi kadhaa. Kwenye majani yenye vinyweleo hutaona kona. Utaona tone limeelea juu ya msitu. Chora mstari pale maji yanapoishia, siyo kwenye ngozi ya jani, na uandike pembeni kwamba umefanya hivyo.

10. Kokotoa. Kwa pembe hadi nyuzi 120 hivi, pima urefu wa tone kutoka mstari wa chini hadi kileleni (*h*) na upana wa mahali linapogusa jani (*d*). Ukitumia pikseli ni sawa, huhitaji milimita. Pembe ni mara mbili ya tanjenti kinyume (tan⁻¹ kwenye kikokotoo) ya 2*h*/*d*. Mfano: *h* ni pikseli 350, *d* ni pikseli 500. 2*h*/*d* ni 1.4, tanjenti kinyume yake ni nyuzi 54.5, hivyo pembe ni 109. Kwa haraka: 0.58 ni nyuzi 60, 1 ni nyuzi 90, 1.73 ni nyuzi 120.

    Ikizidi 120 achana na fomula hiyo. Inachukulia tone ni kipande cha duara kamili, na tone linalokataa maji hubapazwa na uzito hata likiwa dogo, kwa hiyo fomula inakupa pembe ndogo kuliko ya kweli. Tumia kifaa cha pembe cha ImageJ: bofya kwanza sehemu ya mstari wa chini iliyo ndani ya tone, kisha kona ya mgusano, kisha ufuate ukingo wa tone pale unapoanza kuinuka, na ubonyeze kitufe cha M ili upate namba. Pima kushoto na kulia. Zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 5, tupa tone hilo.

11. Rudia. Matone kumi kwa kila upande wa jani, kila tone mahali papya, na majani kutoka mimea mitano tofauti. Andika wastani pamoja na namba ya chini na ya juu. Ukanda mmoja uutumie ndani ya dakika kumi na tano tangu kuukata. Ukinyauka, uso unakunjamana.

Pembe haitoshi: inamisha jani

Kuna majani yenye pembe kubwa ambayo ukiyapindua juu chini tone halianguki. Petali za waridi ni maarufu kwa hilo. Kwa hiyo nasema wazi: pembe bila kipimo cha mshiko ni nusu ya habari, na kwa mtu wa kunyunyizia dawa ndiyo nusu isiyomsaidia sana.

Weka matone mawili ya mikrolita 5 mahali pamoja yaungane kuwa 10. Weka kioo juu ya ubao wenye bawaba au kitabu kigumu, simu yenye programu ya mwinamo juu ya ubao huohuo, na uinue polepole. Andika nyuzi ambazo tone linaanza kuondoka. Chini ya nyuzi 10 na pembe zaidi ya 150, hewa ipo chini ya tone. Likibaki hata kwenye nyuzi 90, maji yameshika. Andika daima ukubwa wa tone, kwa kuwa tone kubwa huondoka mapema. Jaribu mwinamo wa kuelekea ncha ya jani na wa kukata upana. Kwenye majani marefu yenye mifereji, kama ya mpunga, tone huondoka kwa urahisi kufuata mifereji kuliko kuivuka.

Ni kemia au ni umbo?

Chukua kanda mbili za jani moja. Ya kwanza iache. Ya pili isugue taratibu kwa pamba yenye maji mpaka weupe uondoke, iache ikauke, kisha pima zote. Kusugua hakuondoi nta yote, kunalaza vijiti. Pembe ikishuka kutoka 150 kuja kwenye 100 na kitu, basi hiyo tofauti ilikuwa ya umbo, na iliyobaki ni kazi ya nta yenyewe. Ikishuka chini ya 90, huenda umechubua mpaka utando. Jani linalong'aa kwa kawaida halibadiliki sana, kwa kuwa halikuwa na vijiti vya kulaza.

Utakuta maelekezo ya kuchovya jani kwenye klorofomu ili kuyeyusha nta. Inafanya kazi ndani ya sekunde chache tu, lakini mvuke wake una madhara na kazi hiyo ni ya maabara yenye kabati la kuvuta hewa. Nyumbani usiifanye.

Mambo yakienda kombo

*Pembe zinarukaruka kwenye jani moja.* Angalia kama kuna sehemu zilizoguswa: ziinamishe kwenye mwanga, zitaonekana zimekolea rangi. Kama hakuna, huenda uko juu ya mshipa. Kama hata huko hakuna kitu, kubali: majani ya zamani yamepigwa na mvua na upepo, nta imeliwa kwa mabaka, na huo mtawanyiko ndio jibu.

*Kila kitu kinatoka chini, hata parafini.* Sabuni. Mabaki kidogo ya sabuni kwenye chombo cha maji yanatosha. Suuza chombo kwa maji yaliyokenekwa, badilisha sindano.

*Tone linakimbia kabla ya picha.* Jani halijalala sawa, au ni la gimbi na wenzake. Rekebisha kwa pimamaji, kisha acha ncha ya sindano ndani ya tone ikilishikilia wakati wa kupiga. Andika kwamba ncha ilikuwemo na usiuhesabu urefu wa tone; pima pembe ya ukingo tu.

*Tone linatandaa lote na halina urefu wa kupimwa.* Andika "chini ya nyuzi 10" na uendelee. Namba za desimali hapo ni za kubuni.

*Pembe zinatoka 30 mahali unapotegemea 150.* Umepima upande wa nje wa tone. Toa kwenye 180.

*Mstari wa chini umefifia.* Sogeza tone karibu na ukingo wa jani unaoelekea kamera, ndani ya milimita mbili.

Kwa wale mliokuja kwa sababu ya dawa inayoteleza

Maji yana mvutano wa uso wa milinyutoni 72 hivi kwa mita, kwenye nyuzi joto 25. Viambata vya kunyunyizia, yaani vitu vinavyoongezwa ili dawa ishike na kutandaa kwenye jani, huushusha, na vile vya silikoni huufikisha karibu 20 hadi 22. Pima kwanza kwa maji matupu, kisha kwa maji yenye kiambata peke yake kwa kipimo cha lebo, bila dawa ndani. Dawa ya wadudu haina sababu ya kuwa karibu na uso wako na kamera. Linganisha pembe na mwinamo kwa ukanda wa jani lilelile. Tone likishika na kutandaa kiasi, inatosha. Likitandaa mpaka linachuruzika ukingoni mwa ukanda, kiambata kimezidi na dawa itaishia ardhini. Punguza mpaka chini ya kiwango cha juu cha lebo na upime tena. Usiweke sabuni ya vyombo badala yake: nyingine huunguza majani, na ile nta unayoiharibu ndiyo inayolizuia jani lisipoteze maji.